Mzee wa Midway

Huko Chicago walimwita Mzee. Alipoingia mjini mwaka 1892 alikuwa na miaka 30, mtu mfupi mwenye kifua kipana na macho makali, lakini haikuchukua muda jina hilo likamganda, na halikumtoka tena. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito wake. Uzee si umri peke yake. Ni ile hali ya mtu ambaye akiingia uwanjani kelele hukatika bila yeye kunyanyua sauti. Amos Alonzo Stagg aliibeba heshima hiyo kwa misimu 41 katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akaishi mpaka akawa mzee wa kweli: alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102.

Chuo kilifungua milango yake tarehe 1 Oktoba 1892. Siku hiyohiyo Stagg aliwaita vijana mazoezini. Kwa hiyo anayetaka kusimulia historia ya chuo hicho hawezi kumruka mtu huyu, na anayetaka kumsimulia mtu huyu hawezi kukiacha chuo pembeni.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Sisi tukisema mpira tunamaanisha soka. Futiboli ya Wamarekani ni kitu kingine: wachezaji 11 kila upande, mpira wenye umbo kama la yai, unaobebwa kifuani huku wapinzani wakijaribu kumwangusha aliyeubeba, na pointi nyingi hupatikana kwa kuuvusha mstari wa mwisho wa wapinzani. Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo huo ulikuwa mali ya vyuo vikuu, na wafalme wake walikuwa mashariki ya nchi: Yale, Harvard na Princeton. Ligi ya kulipwa tunayoiona kwenye televisheni leo ilikuwa haijazaliwa.

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, New Jersey, katika nyumba ya fundi viatu aliyekuwa na watoto wanane. Umaskini wa nyumba hiyo haukuwa wa kusimuliwa tu. Alipofika Yale mwaka 1884 alipanga chumba cha darini kisicho na moto wa kuotea, akawa anakula biskuti kavu na mkate mkavu, hadi afya ikayumba. Alikuwa amekwenda kusomea uchungaji. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na kipaji kingine: kurusha mpira wa besiboli. Alipoanza kuwashinda watu wa Harvard na Princeton, timu za kulipwa zilimfuata na fedha ambazo mtoto wa fundi viatu hakuwahi kuziona. Alizikataa. Aliamini mchezo ukishauzwa unapoteza kitu, na imani hiyo hakuiacha maisha yake yote, hata pale matendo yake mwenyewe yalipoipa taabu, kama tutakavyoona.

Katika futiboli alicheza pembeni mwa safu ya mbele. Timu ya Yale ya mwaka 1888 ilimaliza msimu ikiwa na pointi 698 dhidi ya sifuri. Si mechi moja, msimu mzima. Mwaka uliofuata jina lake liliingia katika kikosi cha kwanza kabisa cha nyota wa vyuo vya Marekani kilichowahi kuchapishwa. Mwaka huohuo, akiwa ameona wenzake wakiumizana bure mazoezini kwa kufundishana kukamata na kuangusha, alichukua godoro, akalikunja, akalining'iniza, akawaambia vijana wajirushe juu yake. Leo hakuna timu ya mchezo huo isiyo na vifaa vya aina hiyo. Vilianza na godoro la Yale.

Uchungaji haukufika mbali. Stagg alijiona hana ulimi wa mimbari, maneno yalimkwama mbele za watu, akaamua kwamba kama atahubiri basi atahubiri kwa njia ya viwanja. Akaenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, chama ambacho wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam wanakijua kwa hosteli na viwanja vyake. Hapo alifanya kazi pamoja na James Naismith, Mkanada aliyebuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891. Machi 1892 mchezo huo mpya ulionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, walimu dhidi ya wanafunzi. Wanafunzi walishinda 5–1. Kikapu hicho kimoja cha walimu kilifungwa na Stagg.

Mtu aliyemleta Chicago ni William Rainey Harper, profesa wa Kiebrania aliyewahi kumfundisha Biblia huko Yale. Harper alikuwa amepewa fedha za John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, ili ajenge chuo kikuu kipya katika mji uliokuwa ukikua kwa pupa. Alitaka chuo chenye maabara, maktaba na watafiti wakubwa, na tangu mwanzo alitaka pia timu itakayolitangaza jina la chuo kabla vitabu vyake havijaandikwa. Stagg alisimulia baadaye jinsi walivyokutana kwenye kifungua kinywa jijini New York. Harper akamweleza kazi na kumtajia dola 1,500 kwa mwaka. Stagg kimya. Harper akapanda hadi 2,000. Bado kimya. Mwisho akasema dola 2,500, na cheo cha profesa mshiriki, maana yake ajira ya maisha. Kijana hakuwa akibembeleza bei. Alikuwa amepigwa na butwaa, hajui aanzie wapi kujibu.

Nadhani hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko vikombe vyote vilivyofuata. Siku zile kocha alikuwa mtu wa kupita: nahodha wa mwaka jana anayerudi kusaidia, au kibarua wa msimu mmoja. Harper alimketisha kocha meza moja na mwanafizikia na mwanahistoria, akampa idara, akampa kura katika vikao vya walimu, akampa ulinzi wa kutofukuzwa kwa kushindwa mechi. Alimfanya mwalimu. Kila kocha wa chuo anayeitwa leo mkurugenzi wa michezo, mwenye ofisi na bajeti, asili ya kiti chake ni meza ile ya kifungua kinywa.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Waliojitokeza mazoezini mwaka 1892 walikuwa wachache kiasi kwamba kocha mwenyewe alivaa jezi akaingia kucheza, na wapinzani wa kwanza walikuwa shule za sekondari na timu za YMCA za mjini. Mfanyabiashara Marshall Field alitoa ardhi ya uwanja karibu na bustani ndefu iitwayo Midway, na uwanja ukaitwa kwa jina lake hadi ulipobadilishwa kuwa Uwanja wa Stagg. Miaka miwili tu baada ya kuanza, Desemba 1894, Stagg aliwapakia vijana kwenye treni hadi California, safari ambayo hakuna timu ya upande ule iliyokuwa imethubutu, wakacheza na Stanford mjini San Francisco siku ya Krismasi. Mwaka 1896 Chicago kilikuwa miongoni mwa vyuo saba vilivyoasisi umoja wa michezo unaojulikana leo kama Big Ten.

Mwaka huohuo wa 1894 alimwoa Stella Robertson, msichana aliyekuwa mwanafunzi chuoni hapo. Historia nyingi humtaja kwa mstari mmoja, na hiyo ni dhuluma. Stella aliketi jukwaani na karatasi na penseli, akachora mchezo baada ya mchezo: nani alikimbia wapi, nani alichelewa, wapinzani wanapenda kupita upande gani. Usiku michoro hiyo iliwekwa mezani na mumewe akaisoma. Leo timu huajiri watu wengi na mitambo kwa kazi hiyo. Stagg alikuwa na mke mwenye jicho na subira, na alikuwa naye kwa karibu miaka 70.

Ubunifu anaohesabiwa nao ni mwingi. Baadhi unabishaniwa, kwa sababu makocha wengi walikuwa wakijaribu mambo yaleyale kwa wakati mmoja. Hata hivyo, jina lake limo katika karibu kila ukurasa wa mchezo ule ulipokuwa ukikua: wachezaji kukusanyika kwa duara na kunong'onezana kabla ya mpira kuanza, namba migongoni, mchezaji wa nyuma kuanza kukimbia kabla mpira haujatoka, mbinu za kumhadaa mpinzani kwa kuupeleka mpira upande mmoja na kuurudisha mwingine. Alipenda futiboli ya akili na mwendo kuliko ya kusukumana vifua.

Na kusukumana kulikuwa kunaua. Mwaka 1905 gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vijana 18 waliokufa kwa mchezo huo katika msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia jinsi mchezo unavyochezwa, na vyuo vingine vikaanza kuufuta kabisa. Stagg alikuwa ameingia katika kamati ya sheria za mchezo mwaka 1904, na ndiye aliyebeba sauti ya vyuo vya magharibi mbele ya wakubwa wa mashariki. Sheria za 1906 ziliruhusu pasi ya kurusha mbele, zikaupanua mchezo, zikavunja ule msongamano wa miili uliokuwa ukiwavunja watu shingo. Kocha wa Chicago alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuandaa mbinu nyingi za pasi hiyo.

Msimu huohuo wa vifo ndio uliompa ushindi wake mkubwa. Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, ilikuwa imecheza mechi 56 tangu 1901 bila kufungwa. Siku ya Shukrani, tarehe 30 Novemba 1905, watu zaidi ya 25,000 walibanana kwenye uwanja wa Midway katika baridi ya Chicago. Mechi ilikwenda bila pointi karibu hadi mwisho. Kisha mpira wa teke uliopigwa na Walter Eckersall, kijana wa Chicago mwenyewe, ukatua ndani kabisa mwa eneo la Michigan. Mchezaji aliyeudaka alijaribu kutoka nao, akakamatwa na kurudishwa nyuma ya mstari wa goli lao wenyewe. Hilo huwapa wapinzani pointi 2. Chicago 2, Michigan 0. Harper alikuwa anakufa kwa saratani wakati huo. Aliaga dunia Januari 1906, wiki sita baada ya timu aliyoiota kuwa bora nchini.

Historia ya taasisi inayosifu tu haimsaidii mtu. Huyo Eckersall, kipenzi cha mji mzima, aliondoka chuoni bila shahada, masomo yake yakiwa nyuma sana. Chuo kilichompa kocha uprofesa ili mchezo uwe sehemu ya elimu kilimwacha mchezaji wake bora bila elimu hiyo. Stagg, aliyehubiri usafi wa michezo, kuanzia mwaka 1902 aliandaa mashindano ya riadha ya shule za sekondari palepale chuoni, na mashindano hayo yalikuwa pia njia ya kuwaona vijana wenye vipaji na kuwavutia. Viingilio vilijaa, idara yake ikawa na fedha na nguvu ambazo maprofesa wengine waliziangalia kwa wasiwasi. Hakuwa mnafiki. Aliamini kwa dhati kwamba uwanja unajenga tabia. Ila mashine aliyoiunda ilikuwa na njaa yake yenyewe, na vyuo vya Marekani mpaka leo vinahangaika kuilisha.

Bado kuna siku moja inayomwonyesha alivyokuwa. Tarehe 28 Oktoba 1922 Princeton walikuja Chicago, na maelezo ya mechi yakatangazwa kwa redio hadi New York, jambo geni wakati ule. Chicago waliongoza 18–7 hadi robo ya mwisho. Princeton wakarudi, wakafika 21–18. Dakika zikiwa zinayoyoma Chicago walikuwa karibu kabisa na mstari wa Princeton, wakipigapiga katikati ambako ukuta ulikuwa mzito. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake, Fritz Crisler, alimsihi aingize mchezaji wa akiba apeleke ujumbe: rusheni pasi. Sheria haikukataza moja kwa moja, lakini kamati ya sheria, ambayo Stagg alikuwa ndani yake, ilikuwa imesema haipendi kocha atumie mchezaji wa akiba kupeleka maagizo. Stagg alikataa. Vijana wake walipiga katikati kwa mara ya mwisho, wakazuiwa, mechi ikaisha. Alishindwa mbele ya nchi nzima kwa ajili ya sentensi ambayo hakuna refa angemwadhibu nayo.

Hata jina la Fritz lilitoka kwa Stagg. Crisler aliitwa Herbert. Katika mazoezi alikosea mara kwa mara, Stagg akaamua kumwita kwa jina la mpiga fidla mashuhuri Fritz Kreisler, kwa vile hakufanana naye hata kidogo kwa ustadi. Stagg hakuvuta sigara, hakunywa pombe, hakutukana. Tusi lake kubwa lilikuwa punda, na mchezaji aliyekosa sana aliitwa punda mara mbili.

Taji la mwisho la umoja wa vyuo lilikuja 1924. Baada ya hapo vyuo vya serikali vya jirani vilikua, vikajenga viwanja vikubwa zaidi na kupata wanafunzi maelfu kwa maelfu, huku Chicago kikizidi kuelekea kwenye utafiti. Mwaka 1929 chuo kilipata rais mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye miaka 30, umri uleule aliokuwa nao Stagg siku ya kwanza. Hutchins aliamini kazi ya chuo kikuu ni akili, na kanuni ya kustaafu ilikuwa miaka 70. Stagg aliitimiza mwaka 1932. Alipewa nafasi ya heshima ndani ya chuo, bila timu. Hakuitaka. Alifunga mizigo na Stella wakaenda Stockton, California, kufundisha katika Chuo cha Pacific, katika umri ambao wenzake walikuwa wakitafuta kivuli.

Chicago bado kilipata fahari moja. Mwaka 1935 Jay Berwanger, mchezaji wa mwisho mkubwa wa chuo, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupokea tuzo inayoitwa leo Heisman, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kuchaguliwa katika mgawo wa kwanza wa wachezaji wa ligi ya kulipwa. Hakwenda kucheza. Kisha giza. Novemba 1938 Stagg alirudi kwenye uwanja wenye jina lake, akiwa na miaka 76, akiongoza vijana wa Pacific. Walishinda 32–0. Mwaka 1939 Chicago walifungwa 61–0 na Harvard, 61–0 na Ohio State, na 85–0 na Michigan. Kocha wa Michigan siku hiyo alikuwa Fritz Crisler.

Tarehe 21 Desemba 1939 Bodi ya Wadhamini ilitangaza kwamba chuo kimeacha futiboli. Mwaka 1946 kikajitoa katika umoja kilichouasisi. Wengi waliona ni aibu. Mimi naona, kwa yale tuliyoyaona tangu wakati huo katika vyuo vilivyobaki, ulikuwa uamuzi wa kiungwana, ingawa ulivunja mioyo ya watu waliokuwa na haki ya kuhuzunika.

Majukwaa yakabaki tupu. Chini ya jukwaa la magharibi kulikuwa na chumba cha kuchezea skwoshi, na mwaka 1942 wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi walikitumia kwa siri. Walipanga matofali ya grafaiti meusi, tabaka juu ya tabaka hadi 57, na ndani yake wakaweka urani. Alasiri ya tarehe 2 Desemba, vijana watatu wakiwa wamesimama juu na vyombo vya maji yenye kadimiamu tayari kuyamwaga mambo yakiharibika, fimbo ya mwisho iliyokuwa ikizuia mpasuko ilivutwa polepole. Saa tisa na dakika 25 mpasuko wa atomi ulianza kujiendesha wenyewe, kwa mara ya kwanza kwa mikono ya binadamu. Waliokuwepo walikunywa funda la divai katika vikombe vya karatasi, wakatia saini kwenye mfuniko wa majani makavu uliozungushiwa chupa. Bomu la Nagasaki na vinu vya umeme wa nyuklia vyote vina ukoo na chumba hicho kilichokuwa chini ya viti vya mashabiki wa Stagg.

Yeye wakati huo alikuwa Stockton akifundisha. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka nchini. Alikaa Pacific hadi 1946, kisha akaenda Susquehanna, Pennsylvania, kumsaidia mwanawe Amos aliyekuwa kocha huko, na aliporudi Stockton aliwafundisha vijana wa chuo kidogo cha mjini kupiga mateke, akiwa amevuka miaka 90. Stella alifariki 1964. Yeye alimfuata tarehe 17 Machi 1965. Ushindi wake 314 ulibaki kilele cha makocha wa vyuo vikuu hadi 1981, ulipopitwa na Bear Bryant wa Alabama. Kati ya ushindi huo, 244 aliupata akiwa Chicago.

Futiboli nayo ilirudi, polepole. Mwaka 1963 ilipoanza kuchezwa kama klabu, wanafunzi waliopinga waliketi katikati ya uwanja kuizuia. Mwaka 1969 ikawa tena timu rasmi ya chuo, katika daraja ambalo halitoi ufadhili kwa ajili ya michezo. Fainali ya daraja hilo inaitwa kwa jina la Stagg tangu 1973. Mchezaji wa daraja hilo anasoma kama wengine na analipa karo kama wengine.

Ukifika Chicago, nenda kwanza kwenye barabara ya Ellis. Utaona sanamu ya shaba ya Henry Moore, iliyozinduliwa tarehe 2 Desemba 1967, palipokuwa na chumba kile cha skwoshi, na pembeni yake Maktaba ya Regenstein iliyojengwa juu ya uwanja wa zamani. Kisha tembea magharibi hadi Cottage Grove. Hapo pana Uwanja wa Stagg wa sasa, mdogo, wenye majukwaa ya kawaida, na Jumamosi za majira ya vuli timu ya chuo bado hucheza.